Chumbe: unalipia nini, na uende siku gani ya mwezi

Mtu wa Unguja akitajiwa kisiwa cha Chumbe, swali lake la kwanza huwa bei, na ana haki ya kuuliza. Ziara ya siku moja hutozwa kwa dola, na ni ghali kuliko kupanda boti ufukweni Mji Mkongwe ukaenda Changuu kuwatazama kobe wa Ushelisheli. Kulala usiku mmoja ni ghali zaidi. Kwa hiyo tuseme wazi fedha hiyo inanunua nini, siku zipi inanunua vingi zaidi, na nani asijisumbue kwenda.

Kisiwa kiko kusini magharibi mwa mji, kiasi cha kilomita 12 kwa boti. Ni kidogo: urefu wake unazidi kilomita moja kidogo, upana ni kama mita 300. Karibu chote ni msitu uliosimama juu ya maweni, yaani mawe makali ya matumbawe ya kale, na mwamba wa matumbawe unaozungumzwa uko upande wa magharibi. Upande huo unatazama njia ya meli ziendazo Dar es Salaam. Vyombo vidogo vilizuiwa kuvua kwenye njia hiyo, na mwenye ngalawa wa vijiji vya jirani alikuwa na miamba ya karibu zaidi na kwake. Ndiyo maana mwamba ule ulikutwa ukiwa mzima wakati miamba mingi ya jirani ilikwishapigwa na juya, baruti na nanga. Mwaka 1991 Mjerumani Sibylle Riedmiller alianza kuutafutia ulinzi, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi, chini ya usimamizi wa kampuni aliyoiunda kwa kazi hiyo, Chumbe Island Coral Park, maarufu kwa kifupi cha CHICOP. Ni hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kusimamiwa na kampuni binafsi. Mapato ya wageni ndiyo yanayolipa walinzi, boti za doria na safari za wanafunzi. Mwaka 2000 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliitunuku tuzo yake ya Global 500. Tuzo hazimshibishi mgeni, lakini hiyo ya 2000 ilitolewa kwa kazi ambayo kila anayeshuka pale anaweza kuikagua kwa macho yake.

Tuanze na siku ya kwenda, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza thamani ya fedha yao. Mgeni hukata nafasi kwa kufuata kalenda ya likizo, akasahau kwamba Chumbe ratiba yote inaendeshwa na maji kujaa na kupwa. Maji ya Zanzibar hupanda na kushuka hadi karibu mita nne wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza: mahali unapoogelea saa tisa alasiri, asubuhi yake palikuwa pa kutembea kwa miguu.

Hesabu yake mtu wa pwani anaijua, ila anasahau kuitumia anapopanga safari. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, likachelewa siku moja au mbili: kwa kalenda ya Kiislamu, kuanzia tarehe 1 hadi 4 hivi, na tena 15 hadi 18. Siku hizo maji ya Unguja hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, mchana na usiku. Maji mafu huangukia tarehe 8 hadi 10, na tena 22 hadi 25, na mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne au tano asubuhi na hupwa alasiri, tena bila kwenda mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hakikisha kwa jedwali la maji la bandari, lakini kwa kupanga mwezi mmoja mbele hesabu hii inatosha.

Sasa weka ratiba ya boti juu yake. Boti ya wageni imezoea kuondoka saa nne asubuhi upande wa Mbweni, safari ya dakika 40 au 45. Siku ya bamvu utafika maji yakiwa nje: utashuka na kutembea majini hadi magotini ukibeba viatu mkononi, na kuogelea itabidi kusubiri hadi alasiri, wakati maji yanaingia kwa nguvu na kubeba mchanga. Siku ya maji mafu utafika maji yakiwa yamejaa na yametulia, na unaweza kuingia karibu mara moja, maji maangavu, mkondo mdogo. Kwa hiyo mwenye siku moja tu na nia ya kuona matumbawe achague maji mafu. Anayelala usiku mmoja au mbili achague bamvu, kwa sababu atapata vyote viwili: kuogelea alasiri, na asubuhi kutembea juu ya mwamba uliokauka, kwenye vidimbwi ambamo pweza, mikunga wadogo na viti vya pweza vimebaki vikisubiri maji yarudi. Matembezi hayo siku ya maji mafu hayapo kabisa. Mtu akiyakosa ajue hakudhulumiwa. Alikuja tarehe isiyo yake.

Kuhusu msimu: kaskazi, kuanzia Desemba hadi mapema Machi, ndiyo yenye bahari tulivu na maji ya kuonekana mbali. Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, safari ya boti huwa ya mawimbi na maji ya kupiga usoni; mwenye kichefuchefu cha bahari anywe dawa yake nusu saa kabla, asingoje hadi atapike. Masika, kwenye Aprili na Mei, kisiwa hufungwa kwa wageni kwa wiki kadhaa.

Ndani ya maji huduma ni moja tu: miwani, mrija na mapezi ya miguuni. Hakuna kuzamia na mitungi ya hewa isipokuwa kwa watafiti, hakuna kuvua, na hakuna chombo kinachotia nanga juu ya mwamba. Boti hufungwa kwenye maboya. Wapo wanaolalamika kwamba kwa bei ile wangepaswa kuruhusiwa kuzamia. Sheria hiyo ina sababu. Mzamiaji asiyeweza kushika kina hugonga matawi kwa mtungi na kuyasaga kwa mapezi, na tumbawe la matawi likivunjika huchukua miaka kurudi, yale ya mviringo miongo. Mwamba wenyewe uko kwenye maji mafupi kiasi kwamba aliye juu anaona kila kitu. Mzamiaji asingeongeza cha maana ila hatari.

Idadi ya wageni ndiyo sehemu kubwa ya unacholipia. Mabanda ni saba tu, na wageni wa siku moja hupokelewa pale tu wa kulala wasipojaa. Linganisha na kisiwa cha Mnemba siku za msimu, ambako boti nyingi hukusanyika mahali pamoja na mtu anaona visigino vya watu kuliko samaki. Chumbe kikundi huingia majini na mwongozaji wake, ambaye anajua jina la samaki kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na mara nyingi kwa Kilatini. Mwombe akuongoze kwa Kiswahili, akutajie majina ya kwetu. Utatoka na mengi zaidi.

Wanasayansi wamehesabu pale zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu, sehemu kubwa kabisa ya aina zote za Afrika Mashariki, na zaidi ya aina 400 za samaki. Namba hizo hazina maana kwa mtu anayeelea na miwani usoni, basi hizi hapa alama chache za kutafuta.

Tafuta pono. Ana mdomo kama wa kasuku, na kazi yake ni kukwangua mwani kwenye miamba. Tulia, acha kupiga miguu, shusha pumzi, na utamsikia: mkwaruzo mkavu kama wa mtu anayeguguna sukari guru. Anameza vipande vya mwamba pamoja na mwani, anavisaga kwa meno ya kooni, kisha baadaye unamwona akiachia nyuma yake wingu jeupe. Wingu hilo ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu ilipita matumboni mwa samaki wa namna hiyo. Mwamba uliovuliwa pono wake hufunikwa na mwani, na kitumbawe kichanga hakipati mahali pa kushika.

Kisha hesabu wale wanyama weusi wa miiba mirefu ambao kila mtoto wa pwani amewahi kukanyaga. Chumbe ni wachache. Kwenye mwamba unaovuliwa sana huwa ni wengi mno, na sababu yake ni samaki aitwaye kikande, hasa yule mwenye mistari ya rangi ya chungwa. Ni yeye anayewageuza kwa mdomo na kuwapasua tumboni pasipo na miiba. Akivuliwa akaisha, wale weusi huzaliana, nao hula mwamba kwa kuukwangua hadi ubaki kifusi. Ukiwa na nafasi ya kuona mwamba mwingine wiki hiyohiyo, linganisha kitu hicho kimoja tu. Kikande hurudi polepole sana hata mahali palipokatazwa kuvua, na ndiyo maana hifadhi ya miaka mitano haifanani na ya miaka thelathini.

Chewa wakubwa nao ni alama. Aina nyingi za chewa huanza maisha kama jike, na wakikua baadhi hugeuka dume. Mvuvi akichukua wakubwa tu, amechukua madume, pamoja na majike wakubwa ambao kila mmoja hutaga mayai mengi kupindukia wadogo kadhaa kwa pamoja. Mayai na vichanga hao hawajui mpaka wa hifadhi. Mkondo huwapeleka kwenye miamba ya wavuvi. Walinzi wa Chumbe, ambao wengi walitoka kwenye uvuvi katika vijiji vya jirani, hawana silaha. Chombo kikiingia mpakani humfuata mvuvi, huzungumza naye na kumweleza habari hii ya mayai, na huandika daftarini. Wanaodhani hifadhi hulindwa kwa bunduki tu wawasikilize walinzi hawa kwa saa moja.

Utaona pia matumbawe yaliyokufa, na mgeni akiwa hakuambiwa mapema hudhani ametapeliwa. Tumbawe huishi na vijani vidogo mno ndani ya nyama yake, ndivyo vinavyompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida yao kwa digrii moja au mbili na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huvifukuza, likabaki jeupe. Halijafa bado, lina njaa. Joto likishuka upesi, rangi hurudi. Likiendelea, mwani hulifunika na limekwisha. Bahari ya Hindi ya magharibi ilipigwa vibaya mwaka 1998, na tena 2016, na Chumbe haikunusurika. Ulinzi hauzuii joto. Unachofanya ni kuacha pono na samaki wengine wasafishe mwani ili vitumbawe vipya vishike. Mwulize mwongozaji akuonyeshe tumbawe changa, bapa, lisilozidi kiganja, lililoota juu ya mfupa wa lile la zamani. Walinzi huongezea kazi ya mkono: kile kiti cha pweza chenye miiba mwilini kote, kinacholala juu ya tumbawe na kuliyeyusha, hutolewa kimoja kimoja kwa koleo na kupelekwa nchi kavu, kwa sababu miiba yake ina sumu na kukikatakata majini si dawa.

Makosa ya majini ni yaleyale kila siku. Miwani hujaa ukungu kwa sababu mtu ameisuuza tu. Iteme mate ndani, ipake kwa kidole kioo chote, isuuze mara moja, uvae. Maji yakiingia pembeni, tazama nywele: uzi mmoja tu chini ya mpira unatosha. Kwa wanawake wanaofunika kichwa, hijabu ya kuogelea inayobana ndiyo inayofaa. Mpira wa miwani ukae juu ya ngozi ya uso na mkanda upite juu ya kitambaa. Buibui au dira majini ni hatari, huvuta maji na kufunga miguu. Shati la mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya kuzuia jua, maana mgongo wa anayeelea huungua bila habari na baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Asiyejua kuogelea aseme tangu ofisini, si akiwa tayari kwenye boti. Kwa jaketi la kuelea na boya la kushika ataona karibu kila anachoona mwenzake. Na ukichoka usisimame. Chini yako kuna kitu hai.

Ukipanda nchi kavu vaa raba. Maweni hukata kandambili kama wembe, na ukitembea juu ya mwamba uliokauka usiokote konokono mwenye umbo la koni hata akionekana mtupu: baadhi yao wana mshale wa sumu wa kuua mtu.

Msitu wenyewe ni mfupi na mkavu, miti inayoishi bila maji matamu ila ya mvua na umande. Kando ya njia kuna makombe makubwa na matumbawe yaliyogeuka jiwe, mabaki ya zama ambazo bahari ilikuwa juu zaidi na kisiwa hiki kilikuwa mwamba chini ya maji. Hapa ndipo walipoletwa paa nunga kutoka Unguja kuanzia mwaka 1997, baada ya panya kuondolewa kisiwani. Asili ya paa nunga ni Unguja na misitu ya pwani ya Kenya tu, na huko kwote anawindwa na msitu wake unakatwa kwa kuni. Usitegemee kumwona. Ni mnyama wa haya, hupiga mguu chini mara moja na kutoweka. Anayelala kisiwani ana nafasi nzuri zaidi, alfajiri, akikaa kimya.

Mnyama wa uhakika ni wa usiku: kaa mkubwa wa nchi kavu, yule apandaye minazi, mwenye magando ya kuvunja kifuu. Ni kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani. Hufikia kilo nne, na ukubwa huo humchukua miongo kadhaa. Huwezi kumtupa baharini ukadhani umemwachia huru, atazama na kufa. Jike hushuka ufukweni kumwaga mayai tu, kisha hurudi msituni. Pengi katika Bahari ya Hindi ameliwa hadi kuisha. Pale kisiwani hutoka gizani kutafuta mabaki ya matunda, na mwongozaji humwonyesha kwa tochi. Mtazame kwa umbali wa mkono mmoja, na weka viatu juu, maana hubeba kila anachokishuku kuwa chakula.

Urithi wa majengo ni mdogo kwa idadi, na mgeni wa haraka huupita. Asiupite. Mnara wa taa ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na mwaka 1926 ukawekewa mtambo wa gesi, ili meli zitokazo kusini zijue njia ya kuingia bandarini. Ngazi ni zaidi ya 130, nyembamba, za kuzunguka. Mwenye matatizo ya moyo au magoti abaki chini. Kutoka juu unaona kwa mara moja mpaka wa kila kitu: ukingo wa mwamba, rangi inapogeuka kutoka kijani hafifu kuwa buluu nzito, na njia ya meli ng'ambo yake. Panda kabla ya kuogelea. Ukishaona ramani hiyo utajua ndani ya maji uko wapi. Chini yake nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa gofu, imefanywa ukumbi wa wageni na darasa la wanafunzi, kuta za zamani zikaachwa zionekane chini ya paa kubwa la makuti. Kando kuna msikiti mdogo waliojengewa watunza taa, wenye mkono wa mafundi wa Kihindi, na bado unasaliwa. Anayetaka kuswali hana haja ya kutafuta pembe ya kutandika mkeka. Anayetaka kuingia kutazama tu aombe ruhusa na ajisitiri.

Mabanda yanastahili maneno zaidi, kwa sababu pale unalala ndani ya mtambo. Kisiwa hakina kisima wala chemchemi. Paa pana la makuti hukusanya mvua, maji hupita kwenye chujio la changarawe na mchanga, yakaingia katika birika lililo chini ya sakafu ya sebule. Hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye matangi ya bafuni, moja la maji baridi, jingine likipashwa na jua. Mvua za masika ndizo zinazotumika miezi ya ukavu, kwa hiyo anayeacha bomba wazi akijisabuni anamnyima mgeni wa miezi ijayo. Maji yaliyotumika hayamwagwi. Hupita kwenye kitanda cha mchanga kilichopandwa mimea yenye uchu wa mbolea, ikanyonya naitrati na fosfeti. Mbolea hizo zikifika baharini hulisha mwani, na mwani hufunika matumbawe. Mita chache kutoka bafuni kuna mwamba ule uliolipia kuuona.

Choo ndicho kinachowatisha watu, na bila sababu. Hakina maji ya kuvuta. Baada ya kutumia, unamimina kipimo kimoja cha mboji na majani makavu kutoka kwenye ndoo iliyo kando, unafunika. Bomba refu la hewa huvuta harufu juu, na vijidudu hugeuza mchanganyiko kuwa mboji. Kinaharibika kwa jambo moja: maji mengi. Yakizidi, hewa hukosekana, vijidudu vizuri hufa, na hapo ndipo harufu huanza. Sisi tunaotumia maji tutumie kwa kiasi, na tuwaulize wahudumu mapema yamwagwe wapi. Wamezoea swali hilo na hawaoni aibu kulijibu.

Kitanda kiko juu, chini ya makuti, na upande wa mbele wa chumba hufunguliwa kwa kamba hadi upepo wa bahari uingie moja kwa moja. Hakuna feni wala kiyoyozi. Usiku wa kusi utataka shuka la pili. Usiku wa Machi usio na upepo utatoka jasho, na ni vizuri ujue hilo kabla ya kulipa. Umeme ni wa jua na ni wa taa, usilete pasi wala kikausha nywele. Njia za nje hazina taa, unapewa tochi, ili ndege wa bahari na wale kaa wasipotezwe na mwanga. Chakula ni cha Kizanzibari chenye nazi na viungo vya kutosha, na kiko ndani ya bei. Mwenye mzio au sukari aseme anapokata nafasi, kwa sababu hakuna duka la kukimbilia.

Nani asiende? Anayetaka ufukwe mrefu wa kukimbia: maji yakijaa mchanga ni kipande tu. Anayetumia kiti cha magurudumu atapata taabu kweli, tangu kushuka boti hadi ngazi za banda, na hilo ni pungufu ambalo bei ile haijaliondoa. Wenye watoto wadogo sana wafikirie mara mbili kuhusu ngazi na maweni. Anayetaka kuhakikishiwa kasa au ng'amba naye abaki nyumbani. Wanapita, mara kwa mara, lakini hawafungwi.

Kwa wengine wote, hasa wenyeji, hatua ni hizi. Uliza bei ya wakazi kabla ya kutaja tarehe, na uwe na kitambulisho. Taja tarehe mbili za maji mafu, au mbili za bamvu, badala ya moja, kwa kuwa nafasi ya siku moja huthibitika karibu na siku yenyewe. Uliza boti inapandiwa wapi siku hiyo na ufike nusu saa mapema. Mwalimu wa skuli yoyote ya Unguja aombe safari ya wanafunzi kwa barua, akitaja darasa na idadi. Safari hizo hulipiwa na mapato ya wageni, na mtoto hupewa miwani ileile anayopewa mtalii, akaingia maji yaleyale. Wasichana wengi waliozaliwa hatua mia kutoka baharini walitia uso chini ya maji kwa mara ya kwanza pale. Barua iende mapema mwanzoni mwa muhula, na wazazi waandikiwe mavazi yatakayovaliwa, maana wengi wanaokataa hukataa kwa kutojua hilo tu.